Ndoto za mama muuza vitumbua

Mwezi uliopita tuliletewa barua kutoka Singida mjini ambayo tuliisoma mara mbili kabla ya kuiweka mezani. Mwandishi wake ni mama wa watoto wanne, mwenye umri wa miaka 48, anayeuza chai na vitumbua karibu na stendi ya mabasi. Anasema tangu usichana wake ana jambo ambalo hakupata kumsimulia mtu isipokuwa marehemu mama yake: akiwa katikati ya ndoto, hutambua kuwa anaota. Akishatambua, huiacha ndoto ile na kwenda atakako. Mama yake alipofariki, akawa anakwenda nyumbani kwao Ikungi, anamkuta bibi yule uani akipeta mtama, wanazungumza.

Sasa ni mwaka wa pili hajafika. Ndoto zenyewe zimekuwa haba, na akiamka hazikumbuki. Jirani amempeleka kwa mtu ambaye amemwambia kuwa “amefungwa”, na kwamba kumfungua ni shilingi laki mbili na kuku wawili. Anatuuliza: alipe? Na je, Mola wake amemkasirikia?

Jibu la swali la kwanza ni fupi: asilipe. La pili ndilo lililotukalisha.

Kwanza ajue kuwa hakuwa na wazimu wala hakuwa na jini. Ndoto ambayo mwotaji anajua kuwa anaota imethibitishwa kwa vipimo. Mwezi Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull huko Uingereza, mtafiti Keith Hearne alipatana na mwotaji hodari, Alan Worsley, kwamba atakapojitambua ndotoni ayapeleke macho yake kushoto na kulia kwa mpango maalumu. Wakati huo wa kuota misuli ya mwili huwa imelegea, lakini macho hubaki huru. Worsley akatoa ishara ile, na mashine zikaiandika, naye yu usingizini.

Katika barua yake mama huyu ameandika sentensi moja kwa kupitia tu, nasi tunaona ndiyo iliyobeba kisa chote: “Zamani nilikuwa nikiamka kuswali tahajudi, kisha nikijilaza mpaka adhana.” Yeye anaona kuwa ndoto zile zilikuwa zawadi ya ile swala, na kukatika kwake ni kukataliwa. Hebu tutazame usiku wenyewe ulivyo.

Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja takriban dakika 90. Ndani ya mzunguko mna kipindi ambacho macho hucheza kwa kasi chini ya kope. Jambo hilo lilitangazwa na Aserinsky na Kleitman wa Chicago mwaka 1953. Humo ndimo ndoto zilizo wazi hutokea kwa wingi. Mwanzoni mwa usiku kipindi hicho ni cha dakika chache, kisha hurefuka kila mzunguko, hata sehemu kubwa yake ikaangukia kabla ya kupambazuka. Na wanaochunguza ndoto za utambuzi wameona kuwa huja kwa wepesi zaidi kwa mtu aliyeamka usiku wa manane, akakaa macho kwa muda, kisha akalala tena. Msomaji atakumbuka usiku wa Nabii Daudi (amani iwe juu yake) kama ulivyoelezwa katika hadithi sahihi: alilala nusu ya usiku, akasimama theluthi, akalala sudusi iliyobaki. Hatusemi kuwa ibada iliwekwa kwa ajili ya ndoto. Tunasema mama huyu, bila kujua, alikuwa akiulaza mwili wake katika saa ileile ambayo ndoto za namna hiyo hupatikana.

Na leo? Analala saa tano, baada ya kuosha vyombo na kuumua unga wa mchele. Saa tisa yuko jikoni, kwa kuwa abiria wa mabasi ya alfajiri hawamngoji. Sehemu ya mwisho ya usiku wake haipo tena. Aliiuza stendi, akalipia ada za shule, na hakuna wa kumlaumu.

Yako mengine mawili. Anatumia amitriptilini kwa maumivu ya miguu yaletwayo na kisukari, na dawa hiyo inajulikana kwa kukipunguza kile kipindi cha macho kucheza. Asiiache kwa shauri letu. Amweleze daktari wake, ambaye huenda akabadili kipimo au dawa. La pili ni umri: ndoto za utambuzi ni nyingi zaidi utotoni na ujanani, hupungua baadaye.

Ama kuhusu ghadhabu ya Mola, tumerejea mafundisho ya ndoto yaliyopokewa na Bukhari na Muslim. Humo ndoto ni mafungu matatu: bishara itokayo kwa Allah, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo nafsi hujisemesha. Hatukuona popote kuwa asiyeota ameghadhibikiwa. Yule anayetoza laki mbili alitoa wapi habari hiyo?

Hata hivyo tunamwelewa. Mwingine angepoteza mchezo wa usiku. Yeye amepoteza ua wa mama yake, mara ya pili. Hatuwezi kumwahidi kuwa atarudi. Dua yake kwa mzazi haikukatika, nayo haingoji usingizi.

Binti yake mkubwa atakuwa likizo mwezi wa sita. Tumemwandikia amwachie jiko kwa wiki mbili, naye alale mara baada ya Isha, simu ibaki chumba kingine, aamke kwa tahajudi kama zamani, kisha ajilaze mpaka adhana. Akituandikia tena, kwa idhini yake tutawajulisha.