Gitaa la vipande na Kiswahili tunachokiita kibovu

Mwaka jana kwaya ya parokia yetu ilibaki bila gitaa la besi. Lile la zamani lilivunjika, na bei ya jipya ilizidi sanduku letu. Nikajitolea kuunda moja kwa vipande. Sisimulii habari hii ili nisifiwe ufundi, maana sina. Naisimulia kwa sababu kazi ile ilinifanya nikatae jambo ambalo sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika tunalisikia mara nyingi: kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni kibovu, na kwamba hakistahili utafiti mpaka kwanza kisafishwe.

Shingo ya gitaa niliipata kwenye komini ya Kenya, kwa muuza vyombo chakavu. Mwili tulichonga kwa mbao ya mulombwa, mti ambao vitabu vya Tanzania vinauita mninga. Mbao hiyo ilikuwa fremu ya mlango wa nyumba iliyobomolewa. Mikro, yaani vile visumaku vyenye waya vinavyokamata mtetemo wa nyuzi, nilivinunua kwa mwanamuziki mmoja wa Katuba. Shevale, daraja la chuma linaloshika nyuzi upande wa mwili, binamu yangu aliipitisha Kasumbalesa ndani ya mfuko wa nguo. Mikro nilizitazama kwa muda mrefu. Zimezungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba, mwembamba kama unywele. Sisi tunaoishi juu ya shaba tunainunua ikisharudi kutoka mbali.

Inawezekanaje vipande vya asili nne vikae pamoja? Kampuni ya Fender ilipoanza kuuza besi yake ya Precision mwaka 1951, shingo ilifungwa kwenye mwili kwa visi, haikugundishwa. Urefu wa uzi kati ya ncha zake mbili ulikuwa inchi 34, kama milimita 864, na watengenezaji wengi wakaufuata. Ndiyo maana shingo ya mmoja inaweza kukaa kwenye mwili uliochongwa na mwingine, mradi kipimo kiheshimiwe.

Mimi sikukiheshimu. Shevale niliifunga kwa kukadiria kwa macho. Nilipoweka nyuzi na kuzilinganisha, zikiachwa wazi zililia vizuri, lakini kadiri nilivyosogeza vidole kuelekea mwili ndivyo sauti ilivyozidi kupanda kupita inavyotakiwa. Nikampelekea mzee mmoja wa Kamalondo, seremala anayetengeneza magitaa tangu kabla sijazaliwa. Alipiga uzi mara mbili, akacheka.

«Mwanangu, hii gitare inasema bongo. Huku kwa mwanzo inasema kweli, kule kwa mwisho inasema bongo.»

«Papa, nifanye nini?»

«Pima. Toka ku sile mpaka ku bareti ya kumi na mbili. Halafu rudilia ile ile.»

Alichukua uzi wa kushonea, akaunyoosha kutoka sile, kile kipande kidogo kinachopokea nyuzi mwanzo wa shingo, mpaka bareti ya 12: milimita 432. Akaurudia kutoka pale kuelekea shevale. Uzi ulipita shevale yangu kwa milimita 9. Tukaziba matundu kwa vijiti vya mbao, tukatoboa upya, tukafunga. Gitaa likaacha bongo.

Kwa wiki tatu nilirudi kwake na daftari, na nikaanza kuona mpangilio. Vitu vinavyonunuliwa dukani vina majina yaliyotoka Kifaransa: manshi, sile, bareti, shevale, mikro, visi, mekaniki. Kazi za mkono zina majina ya Kiswahili: kuchonga, kutoboa, kupiga randa, kukaza, kulegeza. Na hukumu ya sikio ni ya Kiswahili vilevile: uzi unalia, unanyamaza, unasema kweli, unasema bongo. Neno la kigeni nalo haliachwi lizurure. Zikiwa nyingi ni mabareti na mavisi, na kila moja linapokea viambishi kama jina lolote. Mzee hajawahi kusoma sarufi, lakini katika wiki tatu sikumsikia akikosea wingi wa neno hata moja.

Huko si kuchanganya ovyo. Ni mgawanyo wa kazi, nao una sababu: kitu kilikuja na jina lake, kitendo kilikuwa hapa tayari. Wanafunzi tumejifunza kuuona mpangilio wa namna hii katika lugha za watu wa mbali, na tunausifu. Unapotokea Kamalondo tunauita uvivu.

Nilipopendekeza maneno ya karakana ile yawe mada ya kazi yangu ya mwisho wa mzunguko, niliambiwa na mwalimu mmoja kwamba hayo ni maneno ya barabarani, nitafute mada ya Kiswahili sanifu. Namheshimu, na hoja yake si ya kipuuzi. Bila Kiswahili sanifu, mimi wa Lubumbashi na mwenzangu wa Bukavu, au msomaji wa Dar es Salaam, tutaelewana kwa shida. Makala hii yenyewe nimeiandika karibu yote kwa sanifu, kwa sababu hiyohiyo. Na gitaa limenifundisha kwamba bila inchi 34 za wote, shingo yangu ya sokoni isingekuwa na mwili wa kukalia. Kipimo cha pamoja ni lazima.

Lakini kipimo si gitaa. Mzee hakuikataa mbao ya mulombwa eti kwa sababu ilikuwa mlango. Aliigonga, akaisikiliza, kisha akaipima. Sisi tunakataa kabla ya kusikiliza.

Katika mji huu tuna mfano wa kutuaibisha. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, lugha ambayo kwa kalamu nyekundu ya leo ingejaa masahihisho. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo, na leo ni hati inayosomwa na wanahistoria na wanaisimu wa nchi nyingi. Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Haikusema Kiswahili cha nani. Wanaokisema katika karakana za Kamalondo ni taifa hilohilo.

Ninachoomba ni kidogo. Kwanza, kazi juu ya msamiati wa karakana zikubaliwe kwa masharti yaleyale ya kazi nyingine: rekodi, mifano, uchambuzi, na sanifu pembeni kwa kulinganisha. Pili, jarida hili litenge ukurasa mmoja katika kila toleo. Kila mmoja wetu ana mjomba fundi wa magari, shangazi mshonaji, dada msusi. Alete maneno 20 na maana zake, pamoja na sentensi yalimosemwa.

Naharakisha kwa sababu ninayoijua kwa macho. Macho ya mzee yamefifia; sasa anatafuta bareti kwa kidole. Vijana wawili aliokuwa akiwafundisha wameondoka kwenda kuchimba madini upande wa Kolwezi. Daftari langu lina maneno 63, na kwa mengi kati ya hayo sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Gitaa linapigwa kila Jumapili. Uzi mwembamba bado unakwaruza kwenye bareti ya 7, na mzee ameniambia nirudi Jumamosi na tupa ndogo. Nitakwenda na daftari pia, mada ikubaliwe au isikubaliwe.