Dansi Ngumu na Dansi Nyepesi: Kasumba Ile Ile

Ipo kasumba moja ambayo haijatutoka, nayo imetushika zaidi sisi watu wa kalamu, yaani watumishi wa serikali na walimu. Ni ile ya kudhani kwamba walzi na foksitroti ni dansi za waliosoma kwa kuwa ni ngumu, na kwamba rumba ya bendi zetu ni ya kila mtu kwa kuwa ni nyepesi. Mtu akishajifunza hatua chache za walzi, hujiona amepandishwa cheo.

Hebu tuutazame huo ugumu. Walzi ina mapigo matatu, na miguu ya binadamu ni miwili; kwa hiyo kila duru huanza kwa mguu mwingine, na hapo ndipo mwanafunzi anapopotea. Hata hivyo, kwenye pigo la tatu miguu hukutana, naye akapata pumzi. Foksitroti haitoi pumzi hiyo. Miguu hupitana moja kwa moja, na ndiyo sababu walimu wengi wa Uingereza huihesabu kuwa ngumu kuliko zote. Tunakubali. Lakini huo ni ugumu wa kanuni zilizokwisha andikwa: mwenye ada ya mwalimu, viatu na sakafu laini atazijua. Kanuni zenyewe zilipangwa London, ambako chama cha walimu wa dansi, Imperial Society, kilianzisha mwaka 1924 tawi la kuamua hatua ipi ni sahihi. Wapangaji hao hawakuwa wabunifu. Foksitroti ilizaliwa Marekani juu ya muziki uliotokana na Weusi, na tango ilitoka katika vitongoji vya maskini wa bandari za Buenos Aires na Montevideo.

Kisa cha rumba ndicho kinachochekesha. Walimu wa London waliifundisha kwa namna yao mpaka mmoja wao, aliyejulikana kama Monsieur Pierre, alipokwenda Havana mwaka 1947 akakuta Wakuba wenyewe wanacheza vingine, hatua ikiangukia pigo la pili. Akarudi kuwafundisha upya Waingereza, na ubishi ukadumu kwa miaka. Basi nani aliyekuwa na elimu hapo, mwenye kitabu au mwenye ngoma?

Turudi Tabora, maana hapa hoja ya wenzetu huvunjika kabisa. Mji huu ni mtoto wa njia. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa kati ya Ujiji na Bagamoyo, wakarudi na nyimbo na ngoma za pwani, mzigo ambao hakuna tajiri aliyewalipa ujira wake. Reli ikafika mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Askari na makarani wa Vita ya Kwanza ya Dunia wakaieneza beni bara, nayo ikaja na matabaka yake: Marini ya wenye kazi za heshima, Arinoti ya makuli. Tazama jinsi ugonjwa huu ulivyo wa zamani! Kisha zikaja santuri za Kikuba za GV, na muziki wa Kongo ukapita ziwani. Katika mchanganyiko huo Tabora ilizaa Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya kina Shem Karenge yenye mtindo wa Segere Matata.

Anayeziita dansi za bendi hizo nyepesi hajawahi kuzicheza vizuri. Wimbo huanza taratibu, maneno yakisikika. Baadaye magitaa hushika usukani na chemko likaanza. Mchezaji hana kitabu cha kumwambia ni lini. Lazima alisikilize gitaa, amwelekeze mwenzake bila kumvuta, na ageuke mahali palipojaa watu bila kumkanyaga jirani. Tena mwendo wa taratibu hauna huruma: goti likichelewa kunyooka, kila mtu anaona. Kuingia ni rahisi, ni kweli, hata mgeni hukaribishwa siku ya kwanza. Kuimudu ni kazi ya miaka. Mlango kuwa wazi hakuifanyi nyumba kuwa ndogo.

Wapo watakaojibu kwamba Mwalimu mwenyewe aliishutumu rumba. Wasome vizuri. Alipotangaza Wizara ya Utamaduni mnamo tarehe 10 Desemba 1962, alisikitika kwamba wengi wetu tunajua rumba, chacha na twisti, na hata walzi na foksitroti, hali wachache wamesikia habari za gombe sugu, mangala au lelemama. Akauliza ni wangapi waliofundishwa shuleni nyimbo za Wanyamwezi. Aliyasema hayo mtu aliyesoma Tabora na kufundisha St. Mary's ya hapo hapo. Walzi na foksitroti hazikusamehewa katika orodha yake, kwa hiyo asiitumie yeyote hotuba ile kuipiga rumba ya Tabora huku akificha walzi mgongoni. Rumba hiyo ilikwisha imba Kiswahili, ikachukua majina yetu na mambo yetu. Walzi ya mahafali haijafanya hivyo hata leo.

Kwa hiyo mkuu wa chuo anayetaka kumwalika mwalimu wa walzi ili wanachuo "wastaarabike" asizuiwe. Ila juma hilo hilo awaite wazee wa Ng'ambo na Isevya waliozicheza bendi zile, wasimame ukumbini waonyeshe mguu unaanzia wapi, na posho yao iwe sawa na ya mwalimu wa walzi.