Gauni la Siku Moja

Siku hizi katika Kabambare, na hata Kasongo, vijana wakitaka kufunga ndoa swali la kwanza si kama mali imekwisha tolewa. Swali ni hili: gauni jeupe litatoka wapi? Basi hukodiwa, huvaliwa toka asubuhi mpaka jioni, hupigwa picha, na Jumatatu hurudi kwa mwenyewe, likamngojee bibi arusi mwingine. Deni hubaki nyumbani. Nguo haibaki.

Sisi twasema wazi: desturi hii hatuipendi. Si kwamba twachukia urembo. Bibi arusi apambwe, tena apambwe sana! Lakini kwa nguo yake mwenyewe, ambayo binti yake ataishika mkononi siku moja.

Watu hutujibu: "Bila gauni jeupe hakuna ndoa ya Kanisa." Nani aliwafundisha maneno hayo? Kanisa lataka wote wawili wakubali kwa hiari yao, mbele ya padri au shemasi na mashahidi wawili. Habari ya gauni haimo. Huko Ulaya kwenyewe zamani wengi waliolewa na nguo nzuri ya rangi yo yote; nyeupe ilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuivaa mwaka 1840. Ni mtindo, si sakramenti. Na kwa ajili ya mtindo watu wakae miaka bila ndoa, wakizaa watoto, eti wanangoja gauni!

Wengine husema: "Kuhifadhi nguo kwetu ni kazi bure. Mchwa watakula, na vita ikija tutakimbia." Neno hili lina uzito, hatulicheki. Mwaka 1964, tena 1996 na 1998, watu wa Maniema walikimbilia msituni, na masanduku yakaporwa. Lakini ndiyo sababu twataka kikwembe! Kikwembe kizuri cha pamba, kilichonunuliwa kwa siku ile, huingia katika kifurushi. Gauni la matabaka saba haliingii. Zamani katika nchi hii nguo za rafia zilikuwa mali, zikatunzwa na kuhesabiwa kama fedha. Leo anayetaka kuona nguo za namna hiyo za Kongo, nyingi ziko Tervuren, Ubelgiji, katika jumba la makumbusho. Twataka na vikwembe vya mama zetu vipotee hivyo?

Mchwa hushindwa na mama mwenye bidii. Nguo ifuliwe kabla ya kuwekwa, hata ikionekana safi: jasho na soda visivyoonekana leo hutoa madoa ya manjano baadaye. Ikauke kabisa, kivulini. Isifungwe katika plastiki, maana unyevu hukaa humo na ukungu huota. Izungushiwe kitambaa cheupe cha pamba. Sanduku la bati likae juu ya mawe, mbali na ukuta wa udongo. Kila kiangazi ifunguliwe ipate upepo, kisha ikunjwe mahali pengine, kwa sababu mkunjo ule ule hukata nyuzi.

Tena isifanywe sanamu. Binti akiihitaji, avae. Ikimbana, mshonaji aongeze kipande. Na katika pindo mama ashone kwa uzi jina lake na mwaka wa ndoa, ili wajukuu wajue ilikuwa ya nani.