Twatajwa Mkatabani, Mezani Hatumo

Ndugu Wafanyakazi,

Samaki avuliwaye usiku hapa Kisegi husafiri mbali kuliko mvuvi wake. Sangara, ambaye sisi huku twamwita mbuta, hupimwa ufukoni, hutiwa barafu, hupelekwa kiwandani kukatwa minofu, kisha hupanda ndege kwenda Ulaya. Masharti ya safari hiyo huandikwa na watu wasiopata kuukanyaga ufuo huu. Huandikwa katika mikataba baina ya nchi zetu na kundi la nchi za Ulaya. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba hayo ni mambo ya mabalozi. Ni mambo ya sufuria zetu.

Mikataba hii si mipya. Mwaka 1968 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mkataba na Soko la Pamoja la Ulaya mjini Arusha. Huo haukupata kufanya kazi, ukatiwa sahihi mwingine mwaka 1969, ulioanza mwaka 1971. Ukafuata wa Lomé mwaka 1975, na wa Cotonou mwaka 2000. Katika ule wa Arusha nchi zetu tatu ziliingia chumbani pamoja.

Safari hii mambo yalikwenda kombo. Ulaya iliweka siku ya mwisho, tarehe 1 Oktoba 2014. Siku ikapita, na bidhaa za Kenya zikatozwa ushuru mpaka mwisho wa mwaka. Jirani zetu hawakutozwa, maana wamo katika orodha ya nchi maskini zaidi, ambazo bidhaa zao huingia Ulaya bila ushuru. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia sahihi, Tanzania ikakataa. Mwishowe Kenya ilikwenda peke yake. Sahihi ilitiwa Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, na mkataba ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024.

Kila serikali ilikuwa na sababu zake, wala hatutaki kuwatukana jirani. Tunauliza jambo moja tu: katika miaka yote hiyo ya mazungumzo, ni nani alikuja ufukoni kutuuliza sisi?

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1997, Ulaya ilipowafungia mlango samaki wa ziwa hili kwa ajili ya kipindupindu. Mwaka 1999 ikafunga tena kwa hofu ya sumu inayotiwa majini kuvulia. Mlaji ana haki ya chakula safi, hatubishi. Lakini mzigo ulimwangukia nani? Ni mvuvi aliyenunua nyavu kwa deni, mama mchuuzi, na kibarua wa kiwandani anayelipwa kwa siku. Na dawa ya ubaya huo ilikuwa nini? Maji safi, vyoo, barafu na mahali pazuri pa kupokelea samaki. Ndugu, hayo ni madai ambayo mfanyakazi yeyote wa ziwa angeyataja siku ya kwanza, kama angeulizwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mkataba huu wa 2023 unatutaja. Unazo ahadi juu ya haki za wafanyakazi, na Kenya imeahidi kufanya juhudi za kudumu ili kuridhia mikataba ya msingi ya Shirika la Kazi Duniani. Mmoja wa mikataba hiyo ni Nambari 87 wa mwaka 1948, unaolinda uhuru wa wafanyakazi kuunda vyama vyao. Siku ile kalamu ziliposhikwa Nairobi, miaka 75 ilikuwa imepita, na Kenya ilikuwa bado haijauridhia!

Watatujibu kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 41, imekwisha kutupa haki hiyo. Vema. Basi kama imekubaliwa nyumbani, kuna hofu gani kuikubali Geneva? Mtu hakatai kutia sahihi deni ambalo amekwisha kulilipa.

Wengine watasema kwamba soko likipanuka, sote tutashiba. Hatulikatai soko. Lakini mzani wa ufukoni hausomwi na mkataba. Husomwa na mnunuzi. Ushuru ukiondolewa Ulaya, faida yaweza kuishia mfukoni mwa tajiri bila hata senti moja kufika mtumbwini. Kinachoishusha faida mpaka kwetu ni chama chenye nguvu, wala hakuna njia nyingine tuijuayo.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Mkataba Nambari 87 uridhiwe. Tupewe tarehe, tusipewe hotuba.

2. Mkataba wa 2023 umeweka kamati ya mashauriano, nayo si ya wenye mali peke yao. Wafanyakazi wa ziwa wapate kiti humo, na mjumbe wao achaguliwe na wafanyakazi wenyewe, asiteuliwe na mtu.

3. Vyama vya wafanyakazi vya Kenya, Uganda na Tanzania vikutane juu ya ziwa hili. Fungu la Kenya ni kama asilimia 6 tu ya maji, na samaki hajui mpaka. Mvuvi wa Migori aliyepata taabu Migingo anajua gharama ya jirani kutosikilizana. Serikali zikishindwa kuingia chumbani pamoja, sisi tutangulie.

Ndugu, tusikae tukingoja kualikwa. Mwenye karamu hamkumbuki mpishi. Kila mwanachama amsomee karatasi hii mwenziwe asiyejua kusoma, na kila tawi lijadili madai haya matatu katika mkutano wake ujao na kuyapeleka kwa mbunge wake kwa maandishi. Jina letu limo katika mkataba. Sasa tuidai haki iliyoandikwa mbele ya jina hilo.

UMOJA NI NGUVU!