Saa ya Mbizi Isiyoguswa na Maji

Wacha niseme mapema, ili wa kukasirika akasirike mapema: saa kuukuu ya wapiga mbizi si uwekezaji. Ni pambo, ni mapenzi, ni historia, kwa wengine ni ugonjwa kabisa, na sina shida na mtu kununua pambo kwa pesa zake. Shida yangu ni lile neno. Kila nikifungua simu kuna kijana wa rika langu, shati jeupe, mkono juu ya usukani wa gari la sijui nani, ananiambia Submariner ya miaka ya 60 inashinda ploti ya Kitengela. Ati saa inahifadhi thamani. Ati matajiri wanajua. Ati wewe umebaki na akiba yako ya M-Shwari kwa sababu hukufundishwa.

Sawa. Tuanze na saa yenyewe basi, maana hawa wasee huwa hawaielezi.

Mwaka wa 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilitoa Fifty Fathoms. Mkuu wake, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mpiga mbizi mwenyewe, na miongoni mwa walioitaka saa ile ni Robert Maloubier, aliyekuwa akiunda kikosi cha wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa. Rolex wakaingia na Submariner miaka hiyohiyo, Omega wakafuata na Seamaster 300 mwaka wa 1957. Siri ya saa hizi ni ile pete inayozunguka juu ya uso wake. Kabla ya kushuka unaizungusha mpaka alama yake ikae sawa na mshale wa dakika, na ukiwa chini unasoma umekaa dakika ngapi. Baadaye pete ikatengenezwa izunguke upande mmoja tu. Ikigongwa na kusogea, itakudanganya kwamba muda umeisha, haitakudanganya kwamba bado upo. Yaani hata ikikosea, inakosea upande wa kukuokoa.

Si jambo dogo hilo. Hewa ya mtungi inahesabiwa, na nitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa kule chini inataka upande polepole, la sivyo unaweza kupooza au kufa. Tuliofuatilia habari za Likoni mwaka wa 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri na kukaa kwenye kina cha karibu mita 58 kwa takriban wiki mbili, tuliona watu wakilalamika ufukweni mbona wapiga mbizi wanachelewa. Kwa kina kile, dakika ndizo zinazoamua, si ushujaa.

Kwa hivyo saa ya mbizi ilikuwa kifaa cha kazi, kama spana. Halafu miaka ya 80 zikaja kompyuta za kupigia mbizi, zinazopima kina na muda na kukuambia zenyewe upande lini. Saa ikabaki mkononi kama akiba, kisha kama urembo. Na bei ya zile za zamani ikapaa baada ya kazi yake kwisha. Ukielewa hapo, mengine yote yatakuja yenyewe.

Muulize muuzaji yeyote mkweli wa saa hizi kama unaweza kuogelea nayo. Atakuambia usithubutu. Nilimuuliza pia fundi mmoja wa pale mjini, mzee anayekaa na kioo chake jichoni kwenye kibanda cha upana wa mlango. Akacheka. "Kijana wangu, kinachozuia maji si jina la saa, ni mpira. Mpira ukizeeka, maji yanaingia. Badilisha mpira." Mzee amesema ukweli wa kazi yake, lakini hajui kwamba kwenye minada ya Geneva ukweli huo una mpaka. Mpira utakubaliwa, sawa. Ila ukibadilisha uso uliochakaa, ukaweka mishale mipya inayong'aa gizani, ukaing'arisha chuma, umeichinja bei. Saa iliyotunzwa vizuri na mtu aliyeitegemea kwa uhai wake inaweza kuuzwa kwa bei ndogo sana kuliko ile iliyosahaulika kwenye droo. Kutunza kifaa kumekuwa dosari!

Kuna kubwa zaidi. Uso mweusi wa saa ambao rangi yake ilikuwa mbovu, ukapigwa na jua mpaka ukawa wa kahawia, wakusanyaji wanauita uso wa tropiki. Unaongeza bei, wakati mwingine mara kadhaa. Sisi tunaoishi kwenye hiyo tropiki jua limepauka mabati yetu, mapazia, mpaka viti vya matatu, na sijaona Mzungu akija kunadi.

Na waliopiga mbizi je? Miaka ya 70 jeshi la Uingereza liliagiza Submariner maalumu kwa watu wake wa majini. Leo moja ikiwa halali inavuka dola 100,000. Lakini ilikuwa mali ya serikali: askari aliivaa, akashuka nayo kwenye maji baridi, akairudisha stoo. Faida ikaenda kwa waliofuata, wale waliokuwa nchi kavu. Au chukua Rolex ambazo Sultan Qaboos wa Oman alikuwa akizigawa zikiwa na nembo ya jambia usoni, baadhi zikawafikia Waingereza waliotumikia Dhofar. Chuma kilekile, injini ileile, jambia dogo tu limechapwa, na bei inaruka kwa namna ambayo hakuna fundi anayeweza kukueleza.

Kwa sababu kinachouzwa ni hadithi. Mimi naishi kwa kuuza hadithi, nalipwa kwa idadi ya maneno, tena nalipwa nimechelewa, kwa hivyo naheshimu biashara hiyo. Lakini hadithi ina msimulizi, na kwenye soko hili msimulizi ndiye aliyeshika bidhaa. Novemba 2021 Omega Speedmaster moja ya miaka ya 50 (si ya mbizi, ila soko ni hilohilo) iliuzwa Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka wa 2023 ikatangazwa kwamba iliungwaungwa kutoka vipande vya saa mbalimbali, na kwamba wafanyakazi wa zamani wa Omega wenyewe walihusika. Aliyeinunua? Omega, kwa ajili ya makumbusho yao. Walioitengeneza hawakuitambua. Wewe na picha tatu za WhatsApp utaitambua?

Najua jibu linalokuja. "Lakini zimepanda, bro, angalia bei." Zimepanda, ndiyo. Saa unazoonyeshwa ni zile zilizopanda, maana zilizokwama hazipigwi picha. Pia mwanzoni mwa 2022 bei za saa za mitumba, hasa za majina makubwa, zilifika kileleni, kisha zikateremka mwaka huo wote na uliofuata. Walioingia kileleni ni wale waliokuwa wamesikia habari mwisho. Tuna kumbukumbu ya mambo haya hapa Kenya, au mmesahau kware? 2013 kila mtu alikuwa anatafuta leseni ya KWS afuge kware, mayai madogo yakauzwa mara kadhaa ya bei ya yai la kuku, kwa sababu kila mnunuzi alikuwa anamuuzia mfugaji mpya. Wafugaji wapya wakaisha. Tukala kware.

Afadhali kware, bana. Kware hutaga. Saa haitagi. Haina kodi ya nyumba, haina gawio, haina riba. Inakula: fundi anayeijua, bima, sefu, VAT ya asilimia 16 ikiingia nchini, na siku ya kuuza soko liko Geneva, New York na Hong Kong, ambako kamisheni ya mnada peke yake inaweza kuzidi robo ya bei. Mwaka wa 2024, wakati video hizi zikinifuata kila mahali, bili za hazina za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Hakuna aliyezipigia shati jeupe.

Ningenyamaza kama mambo haya yangebaki kwa matajiri. Lakini mwezi uliopita mtu tuliyelala naye chumba kimoja campus, kabla fee haijanitoa pale, alinitumia pendekezo la chama cha saa. Watu 30, kila mtu elfu 40, jumla milioni 1.2, mnunue Seamaster 300 moja ya miaka ya 60, muiuze baada ya miaka mitatu. Yeye ni karani, na hiyo elfu 40 ilikuwa deposit ya nyumba. Seamaster 300 ni kati ya saa zinazoungwaungwa sana, injini kuukuu ndani ya kasha na uso wa spea. Nikamwambia hivyo. Akasema mwenye chama ana cheti.

Nikaomba kuingizwa kwenye grupu. Nikauliza maswali manne tu: cheti kimetolewa na nani, nani ameifungua saa akaona ndani, jina la nani litakuwa kwenye bima, na hiyo miaka mitatu itakaa kwa mkono wa nani. Mwenye chama akajibu kwa picha: mkono wake, mkanda mpya wa ngozi, saa ikisoma saa nne na dakika kumi. Watu kumi na mmoja wakaweka moto. Kisha nikatolewa kwenye grupu, na rafiki yangu akanipigia usiku kuniuliza kama bado kuna wakati wa kudai elfu 40 yake.