Mnamlilia Mwalimu, Wosia Wake Mmeutupa Wapi?

Kila Oktoba 14 ni yale yale. Redioni na majukwaani zinaghanwa beti za kumlilia Mwalimu, vina na mizani vimetulia, nane kwa nane, na wenye mashati ya kijani wanafuta machozi. Sawa. Mashairi yale ya 1999 ni hazina, hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni na wanaoyafanya pazia. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa kwenye makampuni na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likafungua mlango, Mwalimu yu hai anaona. Na Tume ya Nyalali ilipokuta asilimia 20 tu wanataka vyama vingi, yeye alitaka wasikilizwe. Leo anayewakosoa anaitwa msaliti!

Jamani, Mwalimu mwenyewe alikuwa mshairi. Aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ambamo Antony anahutubia mbele ya maiti na umati mzima unaamka. Alijua kabisa kwamba maneno ya msibani hayakuwekwa ili kulaza watu.

Ndiyo maana katika shairi kituo kinarudiwa kila ubeti, kisisahaulike. Ninyi mmeimba beti zote, kituo mmekimeza.

Vijana, Oktoba ijayo wakighani tena, ulizeni kwa heshima lakini kwa sauti: marehemu aliacha neno gani? Wakishindwa kujibu, basi wanyamaze, tumlilie sisi.