Kadi ya Wasio na Kazi na Nyimbo za Kuazima



Wako watu wasemao ya kwamba wale UB40 wa Uingereza ni wavivu, kwa sababu nyimbo zao zinazojulikana zaidi zilitungwa na watu wengine. Maneno haya twayasikia kila mara rege yao ipigwapo. Mimi nasema sivyo, na sababu nitaeleza, maana jambo hili latuhusu sana sisi wafanya kazi.

Kwanza jina lao. Katika Uingereza mtu aliyepoteza kazi alikuwa akienda ofisi ya serikali kutia sahihi ili apate fedha kidogo za chakula, na kadi aliyopewa iliandikwa UB40, yaani Fomu ya 40 ya malipo ya wasio na kazi. Mwaka 1978 vijana wa mji wa Birmingham, weupe na weusi pamoja, walianza bendi wakaiita kwa jina la kadi hiyo. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni wataelewa habari hii upesi. Karatasi ya kumhesabu mtu kama mfugo, vijana hawa waliigeuza kuwa jina la fahari. Santuri yao kubwa ya kwanza, ya mwaka 1980, ilikuwa na jalada lililofanana na kadi yenyewe.

Mwimbaji wao, Ali Campbell, alipigwa kwa gilasi usoni katika baa siku alipotimiza miaka 17. Alilipwa fidia, na fedha hizo zikasaidia kununua vyombo vya muziki. Sisi tunaogombania fidia ya vidole vilivyokatwa na mashini twajua thamani ya fedha kama hizo.

Mwaka 1981 walitoa wimbo uitwao One in Ten, juu ya mtu aliyegeuzwa kuwa hesabu tu, mmoja katika kila kumi. Mwezi wa Januari 1982 watu wasio na kazi Uingereza walipita milioni tatu. Wimbo huo waliutunga wenyewe, na nyimbo walizotunga waliziandika kwa jina la bendi nzima ili malipo yagawanywe sawasawa. Basi asemaye hawakuweza kutunga, hajui habari zao.

Nyimbo za kuazima zilikuja hasa mwaka 1983, katika santuri iitwayo Labour of Love, yaani kazi ifanywayo kwa mapenzi. Walichukua nyimbo za Jamaica walizozipenda tangu utoto. Mmoja ulikuwa Red Red Wine, nao ulishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka ule, na Marekani mwaka 1988. Wao walidhani mtungaji ni Mjamaika, kumbe ni Neil Diamond wa Marekani! Waliujua kwa sauti ya Tony Tribe, Mjamaika aliyeuimba kwa mwendo wa rege mwaka 1969.

Sasa hapo ndipo penye shauri. Wimbo ukirudiwa na bendi nyingine, sheria humlipa aliyeandikwa kuwa mtungaji wa maneno na sauti. Yule aliyeuimba kwanza, akautia mwendo ambao wengine wanauiga, hapati hata senti katika santuri mpya. Wapiga vyombo wengi wa Jamaica siku zile walilipwa mara moja tu kwa wimbo, kama kibarua wa siku, na jioni wakaenda zao. Tena wako watungaji ambao nyimbo zao ziliandikwa kwa jina la mwenye studio. Tukitaka kulaumu, tulaumu mapatano yale, wala si bendi iliyorudia wimbo. Seremala aundaye kiti kwa mfano wa kiti kingine haitwi mvivu. Twauliza tu kama aliyebuni mfano alipata haki yake.

Nao UB40 wenyewe hawakuokoka. Walikuwa na kampuni yao, DEP International, hawakuwa watumwa wa tajiri mwingine. Lakini mwaka 2008 Ali alitoka, akilalamika juu ya usimamizi wa mambo ya fedha, wenzake walikana. Mwaka 2011 wanne katika bendi walitangazwa na mahakama kuwa wamefilisika kwa sababu ya madeni ya kampuni ile. Watu ambao santuri zao zilinunuliwa kwa mamilioni duniani! Ndugu, tukidai hesabu za chama zisomwe mbele ya mkutano, na mwenyekiti akatwambia tunapoteza wakati, tumkumbushe habari hii ya Birmingham.

Baada ya hapo zikawa bendi mbili, moja ya Robin Campbell na moja ya Ali nduguye, wakashitakiana kwa ajili ya lile jina la kadi. Brian Travers, mpiga saksafoni, mmoja wa wale wanne, alikufa mwezi wa Agosti 2021. Astro, naye mmoja wao, alikufa Novemba mwaka ule ule, akiwa upande wa Ali.